Nje ya Mashindano

Jumamosi moja binti yangu alirudi nyumbani, hapa Ngokolo, akitokea Mwanza ambako shule yao ilikwenda kwenye mashindano ya kuogelea. Alilitupa begi sebuleni akaenda kutafuta chakula. Nilipotoa taulo lake lililolowa ili nikalianike, harufu ya dawa ya bwawa ilinipanda puani, ile harufu kali ya klorini inayong'ang'ania kwenye nywele hata baada ya kuoga kwa sabuni. Nilisimama uani nimelishika taulo. Sikulia, wala sikusikia huzuni. Nilisimama tu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Mama," binti yangu akaniambia akiwa mlangoni, mdomo umejaa wali, "kuna msichana kapata medali nne. Kaogelea chali, kapewa. Kaogelea kama chura, kapewa. Kipepeo, kapewa. Na ule wa kawaida, kapewa. Mimi nimeingia mmoja tu. Hiyo ni haki?"

Nikamwambia amalize kula kwanza. Swali lenyewe halikuwa geni kwangu.

Nilikulia Nyarugusu, kwenye machimbo. Nyumbani tulikuwa watoto watatu: Kulwa na Doto, pacha wa kike, kisha mimi. Kwetu Usukumani anayezaliwa nyuma ya mapacha huitwa Shija, kwa hiyo hata jina langu ni habari zao. Baba alikuwa mchimbaji. Asubuhi mtu akipita kumuulizia, Mama alijibu neno moja, "Amezama," maana yake ameshuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu. Jioni Baba alirudi, vumbi limemkaa mpaka kwenye kope, akaoga, akala. Ndivyo nilivyolielewa neno hilo. Anayezama huibuka jioni.

Siku watu walipokuja mbio wakipiga kelele kwamba Kulwa amezama, mimi niliendelea kucheza. Nyuma ya mashine za kusagia mawe palikuwa na shimo la zamani ambalo wenyewe walishaliacha, na masika yalikuwa yamelijaza maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kulwa alikwenda pale na wenzake kuosha viatu vya shule. Niliwaona watu wakikimbilia huko, nikamwona Mama kajifunga kanga kiunoni, naye anakimbia. Mimi nikapelekwa kwa jirani. Usiku ule tulipewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nikamwekea Kulwa sehemu yake chini ya sahani, maana alivipenda. Kesho yake nikamwekea tena. Hakuna mtu aliyenikalisha chini akanieleza. Ilifika siku nikaacha kumwekea, basi.

Nyumba ilinyamaza. Sikumbuki kilio baada ya matanga kwisha. Nakumbuka vijiko vikigonga sahani. Majirani walipata shida hata ya kumwita Mama. Miaka yote alikuwa Mama Kulwa, na sasa waliona jina hilo linachoma, wakaanza kumwita Mama Doto. Akiitwa hivyo hakugeuka. Si kwamba alikasirika. Alikuwa kama hajasikia, kama anaitwa mwanamke mwingine. Doto naye alichukua kitanda chote walichokuwa wakilala wawili, lakini alilala pembeni, mgongo umegusa ukuta, na nafasi ya mwenzake ikabaki wazi. Mimi nililala kwenye mkeka, nikiitazama nafasi ile, na sikuwahi kuomba kuhamia.

Mvua zile ziliondoka na watoto wengine pia, si Kulwa peke yake. Ndipo kikundi kimoja cha kina mama wa Geita mjini kikaja na mpango wa kufundisha watoto wa machimboni kuogelea. Kulikuwa na hoteli pale Kalangalala yenye bwawa, na bwawa hilo lilikuwa na klabu ya watoto wa mjini, wale ambao wazazi wao waliweza kuwalipia. Walikubali kutuachia bwawa kila Jumamosi asubuhi kabla watoto wa klabu hawajafika. Gari lilitumwa kutuchukua. Nilidhani Mama angekataa, maana hata ndoo ya maji ikijaa sana aliipunguza. Lakini aliposikia tangazo la mpango huo kanisani alirudi nyumbani akasema, "Mtakwenda wote wawili. Mtayajua maji." Naye akaja pamoja nasi, Jumamosi ya kwanza na zote zilizofuata. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, kanga kaivuta mpaka kichwani, midomo ikimchezacheza. Nilifikiri anasali. Baadaye nilipomkaribia nikasikia: alikuwa anahesabu vichwa.

Mwalimu wetu alikuwa Kocha Editha, aliyewafundisha pia watoto wa klabu, mwanamke mrefu mwenye filimbi, aliyekulia Bukoba kando ya ziwa. Alitufundisha kuelea kwanza. "Maji hayana ugomvi na wewe," alituambia. "Ukiyapiga, yanakuzamisha. Ukiyalalia, yanakubeba." Mimi nilichukua muda mrefu kuyaamini. Doto aliyalalia siku ileile. Baada ya miezi michache alikuwa akienda na kurudi, anakwenda na kurudi, bila haraka na bila kupumzika, uso ndani ya maji, mkono mmoja ukimfuata mwingine. Hakuwa na spidi ya kutisha. Alichokuwa nacho ni kwamba hakuchoka. Sisi tulipotoka kwenda kunywa uji, yeye alibaki majini, mpaka Kocha alipompulizia filimbi. Kwa mara ya kwanza tangu masika nilimwona dada yangu anakitaka kitu.

"Huyu ana pumzi," Kocha alimwambia Mama.

Mama akaitika, "Ee," macho yakiwa kwenye maji.

Mwishoni mwa mwaka klabu ya mjini ilikuwa na mashindano yake, ya wanafunzi wa shule za msingi, nasi tukaalikwa. Doto alikuwa darasa la saba, mimi la nne. Tuliambiwa tutakuwa na shindano letu wenyewe, la kundi la usalama, ndivyo walivyotuita. Wengine wote watashindana huku, sisi tutashindana kule. Nilijivuna kwa habari hiyo. Niliwaambia watoto wa jirani kwamba wale wa mjini wanamwogopa dada yangu ndiyo maana wametutenga. Niliamini hivyo kabisa. Akilini mwangu anayetengwa ndiye mkubwa, kama mgeni anayewekewa sahani yake peke yake.

Siku yenyewe bwawa lilikuwa limepambwa kwa bendera ndogondogo, na kamba zenye maboya zilikuwa zimeligawa kuwa njia. Watoto wa klabu walivaa kofia za mpira na miwani. Sisi tulikuwa na kaptura na fulana. Mashindano yao yakaanza, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Yalikuwa hayaishi. Wanaogelea chali kwenda upande wa pili, medali. Wanarudi kama chura, medali. Kipepeo, medali. Kisha mtindo huru. Kisha yote kwa mchanganyiko. Msichana mmoja anayeitwa Lilian, mwembamba, mwenye mabega mapana, aliitwa mbele mara nyingi mpaka mtangazaji akaanza kucheka anapolitaja jina lake. Alikuwa hodari, sitasema uongo.

Mama wa mtoto mmoja wa Nyarugusu, aliyekaa nyuma yetu, akauliza kwa sauti, "Hivi huyu si ndiye yuleyule? Maji ni yaleyale, mtu ni yuleyule. Kwenye mbio za shule kuna anayepewa zawadi kwa kukimbia kinyumenyume?"

Watu wakacheka. Doto hakucheka. Alikuwa anatazama meza ya medali.

Ikafika zamu yetu. Kuvuka bwawa mara moja tu, kwa mtindo wowote. Filimbi ikalia, tukajitupa majini. Mimi nilifika katikati, hofu ikanishika, nikaikamata kamba na kuning'inia pale kama nguo iliyoanikwa, mpaka Kocha akanivuta kwa fimbo ndefu. Doto alikuwa ameshafika, ameshatoka majini, amekaa ukingoni miguu ndani ya maji, wakati aliyemfuata bado yuko njiani. Kisha tukapangwa mstari tukavishwa medali, sote. Zilikuwa za plastiki ya njano zenye utepe, na zote zilifanana. Nilifurahi sana. Nilimwonyesha Doto yangu.

Akaitazama, akaitazama na yake.

"Wewe ulishika kamba," akaniambia.

"Ndiyo."

"Na wamekupa."

"Ndiyo," nikasema nikitabasamu.

Doto akaivua ya kwake. Akaenda mezani kwa Kocha Editha, nami nikamfuata nyuma. Akaiweka medali juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya kuazima.

"Doto, hiyo ni yako," Kocha akasema.

"Si yangu, Kocha. Ni ya wote."

Kocha akamweleza, na alimweleza kwa upole. Alisema wametutenga kwa sababu si haki mtoto aliyeanza kuogelea juzi kushindanishwa na aliyeanza akiwa na miaka minne. Alisema wamewapa watoto wote medali ili asiwepo anayerudi Nyarugusu moyo umevunjika, baada ya yote yaliyotupata. Nikikumbuka maneno yake leo sioni uongo ndani yake. Ukiyasikiliza moja moja, kila moja ni la haki.

"Lile refu bado," Doto akasema. Shindano la mwisho la klabu lilikuwa refu, kwenda na kurudi mara nne. "Niingie lile."

"Majina yalishafungwa. Na medali zake ni za klabu, wazazi wao ndio wamezinunua. Nikikuweka, kesho nitaulizwa."

"Niingie tu."

Kocha akageuka kumtazama Mama kule kwenye kiti cha plastiki, kisha akamtazama Doto. Akasema, "Utaogelea kwenye njia ya pembeni. Lakini utakuwa nje ya mashindano. Umenielewa? Hutahesabiwa."

"Nimeelewa," Doto akasema.

Mimi sikuelewa. Niliposikia nje ya mashindano nilifikiri ni cheo, kama vile mgeni rasmi.

Wakajipanga juu ya vijukwaa, Lilian katikati, Doto pembeni kabisa na fulana yake ya shule. Wenzake walipiga mbizi, yeye akaruka miguu kwanza kwa sababu hatukuwahi kufundishwa kupiga mbizi. Hapo tu alishaachwa nyuma. Safari ya kwanza alikuwa wa mwisho. Wenzake walijipindua ukutani kama samaki na kuusukuma kwa miguu. Yeye aliugusa kwa mkono, akageuka, akaanza upya. Lakini safari ya pili walipungua mwendo, yeye akabaki vilevile. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Watu wakaanza kuuliza yule wa fulana ni nani.

Ndipo Mama akasimama. Tangu tuanze kuja kwenye bwawa lile hakuwahi kusimama kabla hatujatoka wote majini. Akaanza kutembea ukingoni, sambamba na Doto. Doto akienda, Mama anakwenda naye. Doto akigeuka, Mama anageuka. Kanga ilimdondoka kichwani hakuiokota. Msimamizi mmoja akampigia kelele, "Mama, kaa chini, unawakinga watu!" Hakusikia. Watu walidhani anamshangilia mwanawe, wakaanza kumpigia makofi yeye pia. Mimi niliyekuwa karibu niliona uso wake. Hakuwa anashangilia. Alitembea vile mtu anavyotembea kando ya machela.

Lilian akawa wa kwanza kugusa ukuta. Doto akawa wa pili, na yule wa tatu akafika baada ya kitambo. Mama alikuwa ameshapiga magoti ukingoni. Alimshika Doto kwapani akamvuta juu mwenyewe, bila kusubiri ngazi, akamfunga kitenge, akamshika mashavu.

"Umetoka, ng'wanone," akasema. Mwanangu, kwa Kisukuma.

"Mama, nimekuwa wa pili," Doto akasema akihema.

"Umetoka."

"Mama, wa pili. Umeona?"

"Umetoka," Mama akarudia, akimpangusa masikio.

Walikuwa wamekumbatiana, na kila mmoja alikuwa anazungumza na mtu mwingine.

Mtangazaji akaita majina. Wa kwanza, Lilian. Wa pili, akamtaja yule aliyefika wa tatu, naye akatembea kwenda mbele akigeuka nyuma kila mara, kama anategemea kuitwa arudi. Akavishwa fedha. Aliyefika wa nne akavishwa shaba. Mimi niliendelea kumsubiri mtangazaji. Nilifikiri jina la Doto wameliweka mwisho kwa heshima. Wakaanza kukunja bendera, na bado nilikuwa nasubiri.

Lilian alimfuata Doto akiwa na medali zake zinagongana kifuani. "Unaogelea vizuri," akamwambia. "Ungekuwa klabu yetu ungepata nyingi." Alisema kwa moyo mweupe, nadhani. Doto akamjibu, "Asante," akakamua fulana yake.

Jioni Baba aliuliza tumeleta nini. Nikamwonyesha plastiki yangu ya njano. Akamuuliza Doto, na Doto akamsimulia yote kwa sentensi fupi, bila kulalamika. Baba alisikiliza akiwa anavua buti. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Kwenye duara la mtu, hata ukipiga wewe, jiwe ni lake." Mama alikuwa anasonga ugali. Doto alikula, akaosha vyombo, akaenda kulala pembeni mwa kitanda chake.

Kocha Editha hakuliacha jambo lile lipite. Hilo lazima nimpe. Nilikuja kusikia kwamba alibishana na wazazi wa klabu mpaka wengine wakatishia kuwatoa watoto wao. Mwaka uliofuata aliposimama mbele yetu alitangaza mabadiliko. Kundi la usalama halipo tena. Kila mtoto aliyejiandikisha ataingia na wengine wote. Mashindano ya mitindo yatapunguzwa, na mtoto mmoja hataingia zaidi ya mawili. Lile refu litakuwa na uzito sawa na mengine yote, na medali itakwenda kwa atakayegusa ukuta, awe anatoka wapi. Wazazi wa Nyarugusu wakapiga makofi. Doto alikuwepo, alikuja kunisindikiza. Yeye alishaanza kidato cha kwanza, na mashindano yalibaki kuwa ya shule za msingi.

Mimi niliingia lile refu. Tulikuwa wachache, maana watoto wengi wa klabu walipenda mafupi, na kwa kuwa sasa kila mmoja alikuwa na nafasi mbili tu, hawakutaka kuzipoteza kule. Nilikuwa nimejifunza kutoshika kamba. Sikuwa na pumzi ya Doto, hata nusu yake. Niliogelea safari ya mwisho nikimeza maji, nikifikiri nitasimama wakati wowote. Nikawa wa tatu kugusa ukuta. Mama alinivuta kwapani akaniambia kwamba nimetoka. Kisha mtangazaji akataja jina langu, jina langu kamili na kijiji changu, na nikavishwa medali ya shaba. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa Nyarugusu kuvishwa medali ya kweli kwenye bwawa lile. Watu walisema haki imetendeka. Mzee mmoja alinipa mkono. Nilisubiri furaha ije kama ilivyokuja kwa ile ya plastiki. Haikuja. Nilisikia baridi tu, na utepe uliolowa ukinikwaruza shingo.

Doto alisimama kwenye ukuta wa jiko la hoteli, kavaa sketi yake ya sekondari, mfuko wa nguo zangu begani. Alikuwa amepiga makofi jina langu lilipotajwa, nilimwona. Nilipomfikia hakuniambia hongera wala hakununa. Alinyoosha mkono, nami nikaivua medali nikampa. Akaiweka kwenye kiganja, akakipandisha na kukishusha kidogo kile kiganja, kama wafanyavyo wanunuzi wa dhahabu kwetu kabla hawajaiweka kwenye mizani. Akaigeuza upande wa pili. Hakukuwa kumeandikwa kitu.

"Kumbe nyepesi," akasema.

Akanirudishia, akanipa taulo, akaniambia nijifute upesi kwa sababu gari linaondoka.